Kikombe Kisicho na Mtu

Nyemo akihesabu, nane huiruka
kama anavyoruka mtaro wa shamba la zabibu.
"Sita, saba, tisa!"
Darasa zima la awali, hapa Hombolo, linacheka,
nami nacheka kidogo.

Nimempa visoda, nimempa kunde,
nimechora naye vijiti kwenye vumbi jekundu.
Nane haikai. Tisa huiwahi.

Leo ni zamu yake kugawa vikombe vya uji.
Hahesabu. Anatembea tu na mikono yake:
hiki cha Mahinyila, hiki cha Chilewa,
hiki cha Sechelela anayemung'unya ukosi wa shati,
kikombe, mtu, kikombe, mtu,
upepo wa saa nne ukipeperusha jivu la jikoni,
mpaka mwisho wa mkeka.

Kisha anarudi, kakishika kimoja kwa mikono miwili:
"Mwalimu, hiki hakina mtu."

Nafungua daftari la mahudhurio; majina sijayaita bado.
Naita. Naweka vema, vema, vema,
na kwa Mbeleje kalamu inasimama.
Jana nilimwona mama yake kwenye foleni ya zahanati,
kambeba mgongoni, kichwa kimelala upande.

Uji unapoa. Nyemo hajaondoka.
"Tumwekee?"

Tunamwekea. Anakifunika kwa sahani,
anakipeleka mwenyewe, taratibu, kisimwagike,
anakitua pale mwenzake anapokaaga.

Nami, kimyakimya, nahesabu nafasi kuanzia mlangoni:
tano, sita, saba,
kikombe.