Zima Taa, Fuensanta

Zamu yetu ya maji ilikuwa saa nane usiku, kila Jumatano.
Baba aliinua lango la mfereji kwa mikono miwili,
maji ya mto Segura yakaingia shambani yakinong'ona,
nami nimeshika taa, miaka tisa, viatu vimejaa tope.
Dakika arobaini. Jirani Melchor alisimama kwenye tuta
akitazama saa yake kama mtu anayedai.

Alhamisi udongo ulikuwa mweusi. Jumamosi, kijivu.
Jumatatu ulipasuka kama kisigino.
"Walevi!" Baba aliiambia milimau.
"Nimewanywesha mfereji mzima
na malimau yenu hayajazi kapu.
Yako wapi maji yangu?"

Nilikwenda chuoni Murcia kumtafutia jibu.
Nilirudi na mfuko wa plastiki na uzi.
Asubuhi nikafunika kitawi kimoja,
majani kumi na mawili, niliyahesabu;
kufika adhuhuri mfuko umetanda ukungu ndani,
na kwenye kona yake kijiko kimoja cha maji
yasiyo na ladha ya limau, wala ya tope, wala ya mtu.
Baba akayanywa. Mbele yangu, akayanywa.
"Ndiyo yangu haya," akasema. "Nimeyatambua."

Nikamgeuzia jani, nikamwonyesha mgongo wake:
hapa pana vinywa, Baba, tundu la sindano ni pango kwavyo.
Jani hula hewa.
Likifumbua kinywa lile, unyevu unatoroka,
likifumba, limeokoa maji na litakufa njaa.
Mficha uchi hazai.
Katika ndoo mia unazowapa
labda mbili hubaki, kwenye mti, kwenye ganda,
kwenye ule uchachu unaokufumba jicho.
Zilizosalia ni nauli.

"Na nani anayapandisha? Sioni pampu."

Hakuna pampu. Hakuna moyo.
Tone linapoagana na jani humvuta nduguye,
nduguye humvuta aliye nyuma,
safu moja ndani ya mirija myembamba kuliko unywele,
kutoka juani hadi ncha ya mzizi gizani,
imekazwa kama uzi wa cherehani.
Jua ndilo linaloshona.

Baba alikuna kidevu. "Basi hawanywi," akasema.
"Wananyweshwa na kunyonywa kwa pumzi moja."
Sikuwa nimefundishwa kusema vizuri hivyo.

Ukaja mwaka wa ukame; zamu zikakatwa hadi dakika kumi.
Agosti nilifunga shinani kifaa
kinachonasa milio ambayo sikio halinasi.
Tak.
Kimya.
Tak, tak.
Ni nyuzi zinakatika, nikamwambia.
Kila mlio ni kiputo cha hewa kilichoingia mrijani,
na mrija huo huenda usibebe maji tena.
Alivaa visikizi mchana kutwa, kofia mapajani,
akiinua kidole kwa kila mlio,
mpaka vidole vikamwishia.

Hakuwaita walevi tena.

Kesho yake aliingia shambani na msumeno.
Alikata matawi mabichi, yenye maua, yenye vilimau kama zeituni.
Melchor alipiga kelele kutoka tutani:
Ginés, umepagawa? Unakata mkate wako!
"Napunguza vinywa," Baba alijibu bila kugeuka.
"Nyumba ina watu wengi, chungu ni kidogo."
Shamba likabaki visiki vyenye vishungi,
kama askari walionyolewa kwa haraka.
Niliokota majani hadi jioni; yalikuwa bado yana baridi
kiganjani, baridi ya maji yanayoondoka.

Jumatano, saa nane usiku, dakika kumi.
Maji yalifika miguuni mwa mti wa kwanza na kusita.
Melchor hakuja kutazama saa.
Baba aliweka kiganja kwenye shina,
kama anayempima mtoto homa.
"Kunyweni," alisema, "polepole. Kesho mtalipa."
Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nikimwangazia
vilevile kama zamani, mkono juu, tope kiatuni:
"Zima taa, Fuensanta.
Wasije wakadhani kumekucha
wakafumbua."