Mdomo wa Kukodi

Sheria ya kazi yangu ni moja:
akisema "mimi", nami niseme "mimi".
Nisiseme "mshtakiwa anadai".
Nisikohoe pale asipokohoa.
Kwa hiyo Jumanne, mahakamani Mbale,
saa tatu na robo, mvua ya Masaba ikigonga mabati,
nilisimama kando ya kizimba, blauzi imepigwa pasi,
nikamwambia hakimu kwa Kiingereza safi:
"Mimi sikuiba gari hilo."

Ni mara ya nne namsemea Wandeba.

Ya kwanza ilikuwa Korona ya daktari wa meno.
Ushahidi haukutosha.
Ya pili, basi dogo la kwaya ya Nkoma:
shahidi alihamia Juba,
jalada likahamia kusikojulikana.
Ya tatu alikiri. "Nilifanya," nikasema,
na mwendesha mashtaka akanitazama mimi, si yeye.
Miezi kumi na minane, Maluku.
Alirudi na pengo mbele;
sasa kila S inamtoroka kwa mluzi,
nami humrudishia ikiwa nzima.
Hilo halimo kwenye mshahara wangu.

Siku za mwizi ni arubaini, husema watu.
Za kesi hakuna aliyezihesabu.

Safari hii ni Noah ya kijivu
ya Bi Khainza, mnunuzi wa kahawa, Budadiri.
Misimu minne ya kuanika, kupepeta, kukopa.
Ilikutwa Lwakhakha, hatua chache kabla ya daraja,
imeoshwa, tangi limejaa,
viatu vya mjukuu vimepangwa kitini
kama vya mtu aliyeingia msikitini,
na vibao vya namba vimefungwa kwa kitenge
chini ya jeki.

Leo ilikuwa dhamana tu, lakini Wandeba hajui "tu".
"Mwizi gani hujaza tangi?" akauliza.
Nikauliza.
Hakimu hakulijibu swali langu.
"Nililiondoa pale lilipokuwa."
Nikatafuta neno lisilo na pingu.
"Kuondoa au kuiba?" Kalamu ya hakimu ikabaki hewani.
Nikamkabidhi Wandeba swali kama chenji.
Akafikiri. Nje bodaboda alipiga honi mara mbili.
"Kuondoa," akasema, "bila kuaga."
Karani akacheka, kisha akaandika.

Ndipo Bi Khainza alipoinuka, ufunguo wa akiba mkononi.
Naye hajui Kiingereza, au amekataa kukijua.
Nikavuka sakafu, hatua tatu za saruji,
nikawa mwenye gari.

"Mheshimiwa, huyu alikaa na gari langu usiku mmoja.
Polisi wanalo mwezi wa tisa sasa.
Wanaliita kielelezo.
Kuku wa kituo wanatagia kiti cha nyuma.
Betri imeondoka, nayo bila kuaga.
Naomba mahakama inielekeze
nimshtaki nani kwanza."

Ukumbi ulicheka kwa Kigisu kabla sijafungua kinywa,
ukacheka tena kwa Kiingereza nilipofunga.
Hakimu hakucheka kwa lugha yoyote.
Nami nilikuwa nimeiba na kuibiwa
kabla ya chai ya saa nne.

Dhamana ilikataliwa. "Wewe ni mzoefu," alisema hakimu,
"mahakama hii inakujua kwa sura."
Nikarudi upande wa kizimba
kumwambia Wandeba, taratibu, kwa lugha ya mama yake,
kwamba anajulikana.
Likasikika kama salamu. Sikujua kulizuia.

Askari alimshika kiwiko.
Bi Khainza alikuwa bado ameutazama ufunguo wake
kama mtu anayesoma saa iliyosimama.
Wandeba akageuka, si kwa hakimu, kwangu mimi.
"Asante," akanong'ona, S ikipiga mluzi.

Mazoea yana taabu.
Nikasimama wima, nikamgeukia hakimu,
ambaye hakuwa amempa mtu kitu chochote asubuhi ile,
nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:
"Asante."