Simama Miguuni Pake

Daktari Virve hafundishi, anauliza.
Anazima taa, anavuta kiti,
kalamu yake isiyo na wino inagonga kioo:
"Leelo, hii nini?"
Ini.
"Mbona liko kushoto?"

Mwezi wa kwanza nilijibu: labda kazaliwa kinyume.
Alicheka hadi akavua miwani.
"Umesimama miguuni pake, binti. Yeye kalala chali,
nawe wamchungulia kutoka nyayo kwenda kichwa.
Kulia kwake ni kushoto kwako.
Asiyejua aliposimama
atamtoa mtu figo zima, amwachie bovu."

Nikanunua penseli za rangi.
Tartu yote theluji, mto umeganda,
nami nachora tumbo la binadamu kipande kwa kipande
kama boflo iliyopitishwa kwenye mashine ya dukani:
mshipa mkuu mwekundu,
kibofu cha nyongo kijani,
wengu zambarau.
Penseli ya njano ilibaki na ncha yake.
Kongosho sikuliona.
Kijivu ndani ya kijivu.

Jumamosi nikaenda sokoni kwa baba.
Heino kauza nyama ya nguruwe miaka thelathini na minne
na hajui hata kiungo kimoja kwa Kilatini.
Akanisikiliza, akafuta mikono kwenye aproni,
akatoa kwenye ndoo matumbo mazima
akayalaza mezani yalivyokaa mnyama alipokuwa hai.
"Simama huku," akasema. "Mkiani."

Sikuwa nimemwambia habari ya miguu.

Akainua tumbo polepole,
kama afunuaye shuka la mtoto aliyelala,
na nyuma yake, hilo hapo:
laini, lenye chengachenga,
kichwa kimekumbatiwa na utumbo, mkia umeegemea wengu.
Akaniwekea kiganjani.
"Hili haliuziki. Ukiliudhi linajila lenyewe."

Jumatatu, chumba cha giza.
Mwanamume, macho ya manjano, kapungua kilo kumi na moja.
"Kongosho?"
Nikateremsha picha, nikapandisha, nikateremsha.
Kinachoendelea ni mshipa.
Kinachotokea kikatoweka, hicho kiulize.
Kiganja changu kilikumbuka ule ubaridi
kabla jicho halijasema kitu.
Hapa, nikasema.
Na hapa, kichwani, kuna kingine. Hakikualikwa.

Kalamu haikugonga.
"Ndiyo," alisema Virve. "Ndiyo, Leelo."

Nilifurahi.
Sekunde tatu hivi, sitaficha, nilifurahi
kama mtoto aliyepata herufi yake ya kwanza.
Kisha nikasoma mwaka wa kuzaliwa pembeni mwa picha.
Mwaka wa baba.

Usiku akapiga simu: "Uliliona?"
Nililiona.
"La nani?"
Nikamuuliza bei ya mbavu imefika ngapi.

Upande wa kulia sasa naujua, hata usingizini.
Kulia kwenyewe nilikuahirisha
hadi nilipomaliza kuchonga ile penseli ya njano.