Lisipungue Hamsini

Ghalani Kyarumba, ukutani, kwa mkaa:
gunia lisipungue kilo hamsini.
La mama lina kumi na tatu. Mshale umegoma.

Kabugho anachuchumaa na kipande cha chaki.
Kahawa iliyobaki nyumbani, ambayo hakuna aliyeipima,
anaiita k.

k + 13 ≥ 50

Anatoa kumi na tatu huku,
anatoa kumi na tatu kule,
maana mizani haina mjomba.
Alama haikugeuza mdomo.

"Thelathini na saba."
"Kamili?"
"Au arobaini, mama, au mia.
Kwenda juu hakuna ukuta."

Mama anatazama mlimani, njia ya nyumbani.
"Na ikiwa thelathini na sita?"

Kabugho anafuta chaki gotini.