Gego la Kumi na Moja

Meza ya jikoni imejaa unga mweupe.
Si theluji, theluji iko nje, imefika dirishani;
ni sabuni. Delphine anachonga.
Kisu kidogo, rula, taa imeinamishwa
kama shingo ya korongo aliyeona chura.
Gego la kwanza lilitoka kama kiazi.
La pili, mama alilinawia mikono kabla hajaambiwa.
Hili la kumi na moja lina vilima vinne na bonde kati,
nami nimekatazwa kupumua karibu yake.

Keshokutwa, Saskatoon: usaili wa chuo cha meno,
watu watatu nyuma ya meza moja.
Leo watu hao watatu ni mimi,
nimevaa tai ya baba na miwani isiyo na vioo.
"Bi Laframboise," nakohoa,
"kwa nini meno? Kwa nini si moyo, si macho?"
Anajibu kama redio:
anapenda sayansi, anapenda watu,
anapenda kazi inayokutanisha mkono na akili.
"Safi sana. Na waliokutangulia mlangoni
wote wamesema hivyohivyo."
Gego la tano linanipata sikioni.

Naendelea na karatasi yake.
Mwenzako ananuka pombe asubuhi, utamwambia nani?
Taja udhaifu wako, ila usiseme unajituma kupita kiasi.
Mgonjwa ana jino linaloweza kupona,
lakini anataka ling'olewe kwa kuwa kung'oa ni rahisi. Utafanyaje?

Hapo anakwama.
Anakwaruza sabuni kwa ukucha.
Friji inanguruma, inanyamaza.

"Unakumbuka ile Februari barabara ilipofungwa?"
Hii si sauti ya redio.
"Daktari alikuwa kilomita mia na hamsini,
na hata ingefunguliwa, hatukuwa na kitu.
Baba aliingia gereji na koleo la waya.
Mimi nilishika tochi. Nilikuwa na miaka tisa.
Akasema mulika, usiangalie.
Niliangalia."

Sikujua.
Miaka yote nimedhani baba hapendi kucheka,
kumbe masharubu yale ni pazia,
na kile kiganja mdomoni, kwenye picha ya harusi ya shangazi,
hakikuwa kikohozi.

"Waambie hilo."
"Hilo si jibu. Hiyo ni siri ya nyumba."
"Waambie."
"Na usivae vile viatu vyekundu!"
Bibi huyo, kutoka chumbani, hajalala;
meno yake ndiyo yaliyolala, ndani ya glasi,
kwa hiyo hukumu yake inatoka laini kama uji.
Wapo wasemao jino la pembe si dawa ya pengo.
Hawajamwona bibi na gunzi la mahindi.

Saa saba usiku baba anarudi kutoka kiwanda cha mbao,
baridi inaingia kabla yake.
Anayaona magego kumi yamejipanga dirishani,
la kumi na moja chini ya taa.
Analichukua kwa vidole viwili, vinene, vyenye utomvu wa msonobari,
analigeuza, analigeuza,
na shavu lake la kushoto linavimba kidogo:
ulimi umekwenda kule unakokwendaga.

Hasemi kitu. Analirudisha mahali pake,
polepole, kama kitu kinachouma.

Delphine anafuta kisu kwa kanga ya mkono wa sweta.
"Niulize tena," ananiambia.
"Lile la kwanza."