Suruali ya Kioo

Wenye teksi wa Beijing hawaliiti jumba kwa jina la heshima.
Huuliza tu: "Nikushushe kwenye suruali?"
Na kweli, ni miguu miwili ya chuma iliyoinama,
ikakutana juu mawinguni
kama walevi wanaosindikizana,
kila mmoja akidhani ndiye anayemshika mwenziwe.

Mimi, Zhai Guangfu, huifua suruali hiyo kwa nje.
Kamba mbili, ndoo, mpira wa kupangusia,
na chupa ya chai kiunoni,
maana huku hakuna wa kusema karibu.

Naijua nyumba hii kwa mgongo wake.
Ghorofa ya tisa, mkahawa: harufu haipenyi kioo,
ila mvuke wa tambi nauona, na tumbo linauona.
Ya kumi na saba: msoma habari, koti na tai,
chini ya meza kandambili.
Ya ishirini, kijana amesinzia juu ya kibodi,
shavu lake linaandika herufi moja
moja
moja
moja.

Ya thelathini na moja
hufanya mazoezi Bi Ouyang wa hali ya hewa.
Ukuta wake wa kijani, mtupu kama sahani iliyorambwa.
Anaunyooshea mkono: hapa theluji, hapa ukungu,
na hapa mjini, upepo mwanana.
Huo upepo mwanana umenikamata ukosi,
unanibamiza bega kwenye kioo,
unaniuliza baba yangu ni nani.

Siku hiyo aliniona.
Mkono ukabaki kwenye ramani isiyokuwepo.
Akauliza kwa nyusi: vipi huko?
Nikachovya kidole povuni, nikachora mistari mitatu iliyolala,
nikafikiri,
nikaongeza wa nne.
Akatikisa kichwa, akainua karatasi yake:
kilichoandikwa kimeandikwa.

Jioni niko chini, magoti bado yananing'inia,
kwenye kibanda cha supu cha mzee Kang, runinga juu ya friji.
Akatokea. Upepo mwanana, akasema,
kisha akasita, kiasi cha kumeza mate:
"Lakini walio juu wajifunge vizuri."

"Walio juu ndio kina nani?" akauliza Kang. "Mawaziri?"

Nikapuliza bakuli langu.
Nikamwambia aniongezee pilipili.