Lugha ya Kigeni: Chagua Moja

Fomu imelala siku nne chini ya mtungi,
ina doa la chai na kisanduku kitupu.

Mjomba Abonyo asema Kichina,
maana barabara zetu zinajengwa kwa Kichina.
Shangazi Nerea ashikilia Kijerumani: kule
wauguzi wanasakwa kama mvua Januari.
Mama anachambua omena. Anauliza tu
kama Kifaransa kina karo yake pembeni.

Mimi nawaza Kibuye,
nawaza Otuoma, fundi kiziwi, misumari midomoni,
anishoneaye viatu tangu darasa la sita.
Kila nikilipa hunitazama,
hugonga kisigino, huzungusha kidole,
hufumbua kiganja kama anayeachilia panzi.
Kisha hucheka.
Nami hucheka, kwa adabu tu,
mwaka wa nane huu, sijui nacheka nini.

Huenda ni tusi.
Huenda asema mguu wangu wa kushoto ni mlafi wa soli,
kwamba natembea kama mtu anayekimbia deni.
Huenda ni swali,
na tangu utotoni namnyima jibu.

Mwisho wa orodha, wino umefifia:
Lugha ya Ishara.
“Hiyo nayo ni ya kigeni?” Mjomba aguna.
“Utafika nayo wapi?”

Kibuye, Mjomba.
Hatua mia tatu, ukipitia kwa wauza mitumba.

Kalamu inagoma. Nakwaruza tena, kwa nguvu,
hata karatasi inatoboka
na alama yangu inabaki mezani.